Mkalimani Kambini: Lugha, Lafudhi na Uigizaji katika Filamu za Maangamizi ya Wayahudi

Utangulizi

Uhakiki wa filamu zinazohusu maangamizi ya Wayahudi wa Ulaya wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia umejishughulisha kwa muda mrefu na swali la picha: je, ni halali kwa msanii kuigiza yaliyotendeka katika vyumba vya gesi, au kuyaigiza ni kuwakosea heshima waliokufa? Swali la sauti halijapewa uzito huo. Aghalabu watazamaji huulizana kama mwigizaji fulani alifanana na Mjerumani, au kama lafudhi yake iliaminika, kisha huliacha jambo hilo kana kwamba ni la mapambo, sawa na vifungo vya sare au umbo la kofia. Makala haya yanadai kwamba lugha ilikuwa sehemu ya tukio lenyewe. Kwa hivyo, mwongozaji anapoamua nani aseme lugha gani, kwa lafudhi gani, na nani aeleweke kwa hadhira, anatoa tafsiri ya historia.

Imewahi kudhaniwa kwamba filamu iliyo aminifu ni ile inayotumia lugha walizosema wahusika halisi. Kipimo hicho hakitoshi, maana filamu inaweza kuzikusanya lugha zote hizo na bado isimfunze mtazamaji lolote. Kipimo kinachopendekezwa hapa ni kingine: je, filamu inamfikisha mtazamaji mahali pa kutambua gharama ya kuelewa na ya kutoelewa katika mazingira yale? Ili kuijenga hoja hii, makala yanaanza na hali ya lugha kambini, kisha yanafuata historia ya filamu teule tangu mwaka 1940 hadi 2023.

Lugha kambini

Kambi za Wanazi zilikusanya watu kutoka karibu kila pembe ya Ulaya. Auschwitz, ambako watu wapatao milioni 1.1 waliuawa, takriban milioni moja kati yao wakiwa Wayahudi, ilipokea treni kutoka Polandi, Hungari, Ufaransa, Uholanzi, Ugiriki, Italia na kwingineko. Wayahudi wa Thesaloniki walisema Kiladino. Wengi wa Polandi walisema Kiyidishi. Wa Budapest walijua Kihungari, na baadhi yao hawakujua hata neno moja la Kiyidishi. Juu ya mchanganyiko huo kulikuwa na lugha ya amri, Kijerumani, iliyofokwa na kukatwakatwa.

Primo Levi, mkemia wa Kiitaliano aliyefikishwa Auschwitz mwezi Februari 1944, amelieleza jambo hili kwa utulivu wa mwanasayansi katika kitabu cha insha alichokitoa mwaka 1986. Kwa mujibu wake, Waitaliano wengi wasiojua Kijerumani walikufa katika siku kumi au kumi na tano za kwanza. Kwa macho walionekana kuuawa na njaa, baridi, uchovu na maradhi. Kwa mtu aliyechunguza zaidi, waliuawa na ukosefu wa habari. Levi mwenyewe alimwomba mfungwa mmoja kutoka Alsace amfundishe Kijerumani haraka, na malipo yalikuwa mkate. Katika mahali ambapo mkate ulikuwa uhai, bei hiyo inaonyesha thamani ya msamiati.

Levi anataja jambo jingine ambalo mhakiki wa filamu hapaswi kulisahau. Katika kambi ya Mauthausen, mjeledi wa mpira uliitwa *der Dolmetscher*, yaani mkalimani, kwa sababu ulieleweka na kila mtu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kambini hata sikio lililojikwaa lilimponza mwenyewe. Ikiwa hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, basi filamu inayowafanya wafungwa wote na walinzi wote waelewane bila taabu imeondoa moja ya silaha zilizotumiwa kuua.

Sauti za mwanzo, 1940–1948

Kabla mauaji ya halaiki hayajaanza, Charlie Chaplin alikuwa ameshatambua kwamba Unazi ulikuwa pia jambo la sauti. Katika *The Great Dictator* (1940), filamu yake ya kwanza yenye mazungumzo kamili, dikteta Hynkel anahutubu kwa maneno yasiyo na maana yoyote yaliyoundwa kwa mwigo wa Kijerumani. Mkalimani mwenye sauti tulivu anayafupisha matusi marefu kuwa sentensi fupi za adabu. Kicheko kinatokana na pengo lililopo kati ya sauti na tafsiri, lakini pengo hilohilo ni onyo: mkalimani mstaarabu anaweza kuuficha ukatili. Katika mtaa wa Wayahudi, vibao vya maduka vimeandikwa kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa na Zamenhof, Myahudi wa Białystok, kwa matumaini ya kuwapatanisha wanadamu. Watoto wote watatu wa Zamenhof waliuawa na Wanazi.

Miaka hiyo Hollywood ilikuwa imejaa waigizaji waliokimbia Ujerumani na Austria. Kwa kuwa lafudhi zao hazikuwaruhusu kuigiza Wamarekani, wengi walipewa nafasi za maafisa wa Kinazi. Conrad Veidt, aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933 pamoja na mkewe Myahudi, anakumbukwa na wengi kama Meja Strasser katika *Casablanca* (1942). Hiki ni kinaya kikubwa: mkimbizi alilazimika kuazima sura ya mtesi wake, kwa sababu katika sikio la hadhira ya Kimarekani wote wawili walikuwa na ulimi mmoja. Kuanzia hapo lafudhi ya Kijerumani ikageuka kuwa alama ya uovu, na alama hiyo ingedumu kwa miongo mingi.

Ulaya ilichukua njia tofauti. Wanda Jakubowska, mwongozaji wa Kipolandi aliyekuwa mfungwa Auschwitz, alirudi kambini humo baada ya vita na kupiga picha za *Ostatni etap* (1948) mahali palepale. Wafungwa katika filamu hii wanasema lugha mbalimbali, na mhusika mkuu, Marta Weiss, ni mkalimani. Uteuzi huu haukuwa wa bahati nasibu. Marta aliumbwa kwa kumfuata Mala Zimetbaum, Myahudi mzaliwa wa Polandi aliyelelewa Ubelgiji, ambaye ujuzi wake wa lugha ulimfanya mkalimani na tarishi huko Birkenau. Mala aliitumia nafasi hiyo kuwasaidia wengine, akatoroka mwezi Juni 1944, akakamatwa na kuuawa. Katika filamu, Marta anateuliwa kwa sababu anaelewa Kijerumani. Na kwa sababu anakielewa, anakuwa miongoni mwa wa kwanza kujua moshi unaotoka mle ni wa nini. Ukalimani unamwongezea siku za kuishi na wakati uleule unamtwisha maarifa ambayo wenzake bado hawana. Itikadi ya kijamaa inayoitawala filamu hiyo inauelekeza umoja wa wafungwa upande mmoja wa kisiasa, na kasoro hiyo haifichiki. Hata hivyo, kuhusu lugha, ni filamu chache za baadaye zilizolifikia jibu lake.

Mwaka huohuo zilitoka filamu mbili ambazo Kiyidishi kilipewa nafasi ya heshima: *Lang ist der Weg*, iliyotengenezwa Ujerumani na kuchanganya Kiyidishi, Kijerumani na Kipolandi, na *Unzere Kinder* iliyotengenezwa Polandi. Zilikuwa za mwisho mwisho za aina yake. Wasemaji wengi wa Kiyidishi walikuwa wameuawa, na soko la filamu lilikuwa likizungumza Kiingereza.

Enzi ya Kiingereza, 1959–1982

Filamu ya George Stevens, *The Diary of Anne Frank* (1959), ilimpa Anne sauti ya msichana wa Kimarekani, Millie Perkins. Wazazi wake waliigizwa na Joseph Schildkraut na Gusti Huber, wote wazaliwa wa Austria, huyu wa pili akiwa ameigiza katika filamu za Kijerumani wakati wa utawala wa Hitler. Mhakiki anaweza kuudharau mchanganyiko huu wa lafudhi ndani ya familia moja. Lakini Anne halisi alizaliwa Frankfurt mwaka 1929, akahamia Amsterdam akiwa mdogo, na kuandika shajara yake kwa Kiholanzi, ilhali wazazi wake walibaki wasemaji wa Kijerumani. Kwa njia ya mzunguko, filamu iligusa ukweli wa familia ya wakimbizi, ambamo mtoto huwa mwenyeji wa lugha mpya na mzazi akabaki mgeni. Ilichokipoteza ni habari kwamba lugha ya nyumbani ya akina Frank ilikuwa ndiyo lugha ya waliokuja kuwakamata.

Mwezi Aprili mwaka huohuo, televisheni ya CBS ilionyesha tamthilia ya Abby Mann kuhusu kesi ya majaji wa Kinazi. Miongoni mwa wadhamini walikuwemo wafanyabiashara wa gesi, na neno gesi likanyamazishwa katika maneno ya wahusika. Midomo ya waigizaji ilionekana ikitikisika bila sauti. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa lugha ya maangamizi kukatwa ili isiwaudhi wenye soko.

Stanley Kramer alipoigeuza tamthilia hiyo kuwa filamu, *Judgment at Nuremberg* (1961), alikabili tatizo la mahakama yenye wakalimani. Suluhisho lake limekuwa mfano maarufu. Wakili Hans Rolfe, anayeigizwa na Maximilian Schell, anaanza hotuba yake kwa Kijerumani huku sauti ya mkalimani ikisikika. Kamera inamsogelea kwa kasi, na ghafla anaendelea kwa Kiingereza. Tangu hapo wote wanasema Kiingereza, lakini vifaa vya kusikilizia vinabaki masikioni mwa wahusika. Kramer hakuificha hila yake. Mtazamaji anakumbushwa kila mara kwamba anachosikia kimepita katika kinywa cha mtu mwingine, na kwamba hukumu yenyewe inategemea tafsiri.

Uaminifu huo haukuonekana katika mfululizo wa *Holocaust* (1978) wa televisheni ya NBC, ambamo familia ya Kiyahudi ya Berlin na familia ya afisa wa Kinazi zinasema Kiingereza kilekile kilicholainishwa. Hata hivyo, historia ya mapokezi yake ina funzo. Mfululizo huo ulipoonyeshwa Ujerumani Magharibi mwezi Januari 1979, waigizaji walibadilishiwa sauti na kusemeshwa Kijerumani. Watu wapatao milioni 20 waliutazama. Kwa Kijerumani, mfu na muuaji walirudi kuwa watu wa lugha moja, kama walivyokuwa katika mitaa ya Berlin kabla ya vita, na kile kilichokuwa hadithi ya mbali kwa Wamarekani kikawa hadithi ya majirani. Neno lenyewe, Holocaust, likaingia katika Kijerumani na kuteuliwa kuwa neno la mwaka 1979. Mjadala uliofuata ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia uamuzi wa bunge, Julai mwaka huo, wa kuondoa ukomo wa muda wa kushtaki makosa ya mauaji. Tafsiri iliifanya kazi ambayo matini ya awali isingeifanya.

Upande wa uigizaji, hatua kubwa ilipigwa na Meryl Streep katika *Sophie's Choice* (1982). Streep alijifunza Kipolandi na Kijerumani kwa ajili ya nafasi ya Sophie, Mpolandi Mkatoliki aliyenusurika Auschwitz. Kiingereza chake cha Brooklyn ni cha kubabaika. Anatafuta neno, analikosa, analiazima jingine. Lafudhi hapa ni kovu. Katika matukio ya kambini Kiingereza kinatoweka na Kijerumani kinachukua nafasi, pamoja na tafsiri ya maandishi chini ya picha. Sophie anamjibu daktari wa SS kwa Kijerumani chake kizuri, akijitetea kwamba yeye si Myahudi bali ni Mkristo, na ni jibu hilo linalomletea adhabu ya kuchagua mtoto yupi afe. Levi alionyesha kwamba kutoelewa kuliua. Filamu hii inaongeza kwamba hata kuelewa kuliweza kuwa mtego.

Subira ya *Shoah*

Claude Lanzmann alitumia zaidi ya muongo mmoja kutengeneza *Shoah* (1985), filamu ya zaidi ya saa tisa isiyo na picha yoyote ya kumbukumbu za vita. Mashahidi wanasema Kipolandi, Kijerumani, Kiebrania, Kiyidishi na Kiingereza; Lanzmann anauliza kwa Kifaransa pale anapohitaji mkalimani. Mwongozaji mwingine angeikata sauti ya mkalimani chumbani mwa uhariri na kuokoa saa kadhaa. Lanzmann aliibakiza. Mtazamaji anauona uso wa shahidi akisubiri swali limfikie, anasikia jibu asilolielewa, kisha anasubiri maana yake. Katika subira hiyo uso husema kabla ya neno.

Uamuzi huo unamweka mtazamaji katika nafasi ya mtu anayetegemea mkalimani, nafasi ileile ya wafungwa wengi, ingawa bila hatari. Aidha, unadhihirisha kwamba ushahidi mwingi juu ya maangamizi umetolewa katika lugha ya kuazima. Abraham Bomba, kinyozi aliyelazimishwa kuwakata wanawake nywele huko Treblinka kabla hawajauawa, anasimulia kwa Kiingereza ndani ya duka la kinyozi nchini Israeli, huku akimkata mtu nywele kwa ombi la Lanzmann. Tukio hilo limepangwa. Lina sehemu ya uigizaji. Anaposhindwa kuendelea, kinachoshindwa ni mwili wake wote, na si sarufi ya Kiingereza chake. *Shoah* inaonyesha kwamba mpaka kati ya ushuhuda na uigizaji ni mwembamba kuliko wahakiki wanavyopenda kukiri.

Lafudhi kama hukumu, 1993–2008

Filamu iliyotazamwa zaidi kuliko zote hizi, *Schindler's List* (1993) ya Steven Spielberg, ilirudia desturi ya Kiingereza chenye lafudhi. Liam Neeson wa Ireland ya Kaskazini, pamoja na Ben Kingsley na Ralph Fiennes wa Uingereza, wanasema Kiingereza chenye ladha ya Ulaya ya Kati. Nyuma yao amri zinafokwa kwa Kijerumani, mara nyingi bila tafsiri. Hivyo basi, matabaka mawili ya sauti yanaundwa: Kiingereza cha mbele kinachobeba nafsi na fikra, na Kijerumani cha nyuma kinachobeba vitisho. Fiennes anaivuka mipaka hiyo kwa uigizaji wake. Amon Goeth wake huongea kwa ulegevu na upole wa kuogofya, na ukatili unatoka katika sentensi za kawaida. Lakini Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wengi wa Kraków, kimebaki pembeni. Uzito wa uteuzi wa lugha ulidhihirika pia mwishoni mwa filamu: wimbo wa Kiebrania uliotumiwa, uliotungwa na Naomi Shemer mwaka 1967, ulibadilishwa kwa ajili ya hadhira ya Israeli, ambako ulihusishwa mno na vita vya mwaka huo.

*The Grey Zone* (2001) ya Tim Blake Nelson iliipeleka desturi hiyo mbali zaidi. Wafungwa wa Sonderkommando, waliolazimishwa kuhudumu katika vyumba vya gesi na matanuri, wanasema Kiingereza cha mitaani cha Marekani, ilhali Harvey Keitel, anayeigiza afisa Muhsfeldt, anasema kwa lafudhi nzito ya Kijerumani. Faida ipo: waathiriwa hawageuzwi kuwa watakatifu wa kale, ni watu wenye hasira na lugha ya kila siku. Hasara nayo ipo, kwa kuwa uovu unarudishwa katika kinywa cha mgeni. *The Boy in the Striped Pyjamas* (2008) ina dosari kubwa zaidi. Mtoto wa afisa wa Kijerumani na mtoto Myahudi wanaongea kupitia uzio kwa Kiingereza kimoja cha Uingereza, na swali la namna walivyoelewana halizuki kabisa. Uzio umebaki kuwa waya tu, kana kwamba hakukuwa na uzio wa lugha. Katika *The Reader* (2008), Hanna, aliyekuwa mlinzi wa kambi na asiyejua kusoma, anajifunza kusoma gerezani kwa kulitafuta neno la Kiingereza *the* katika ukurasa, ingawa yumo Ujerumani. Kate Winslet aliigiza kwa ustadi uliomletea tuzo ya Oscar. Lakini hadithi inayohusu kusoma na kutosoma imepoteza lugha inayosomwa.

Je, Kiingereza kinastahili kulaumiwa daima? *Conspiracy* (2001) inalikanusha wazo hilo. Filamu hii inauigiza mkutano wa Wannsee wa tarehe 20 Januari 1942, ambapo maafisa kumi na watano walijadili uratibu wa maangamizi. Wote, pamoja na Mmarekani Stanley Tucci katika nafasi ya Eichmann, wanasema Kiingereza cha Uingereza bila lafudhi ya Kijerumani. Kenneth Branagh anamwigiza Heydrich kama mwenyekiti mwerevu wa kamati. Mtazamaji ananyimwa faraja ya kumsikia mwovu kwa ulimi wa kigeni. Anachosikia ni lugha ya ofisi, ya ajenda na mamlaka ya idara, ambamo neno uhamisho lina maana ya kifo. Kumbukumbu halisi za mkutano huo zimejaa tafsida za namna hiyo. Filamu ya Kijerumani ya Heinz Schirk kuhusu mkutano huohuo, *Die Wannseekonferenz* (1984), inalifikia lengo hilo kwa lugha asilia. Filamu mbili, lugha mbili, na ugunduzi mmoja: sarufi ya urasimu ilikuwa chombo cha mauaji.

Tafsiri ya uongo

Katika *La vita è bella* (1997), Roberto Benigni aliliweka suala la ukalimani katikati ya hadithi. Mlinzi anapoingia kutangaza kanuni za kambi kwa Kijerumani, Guido, asiyejua lugha hiyo, anajitolea kutafsiri. Anaifuata mikono na ukali wa mlinzi, lakini maneno ya Kiitaliano anayoyatoa ni kanuni za mchezo anaoubuni ili mwanawe asiogope. Hadhira ilicheka, na baadhi ya wahakiki walikasirika. Wote walikuwa na sababu. Kama tafsiri ya uongo inamwokoa mtoto, inawanyima pia wafungwa wengine chumbani humo kanuni ambazo maisha yao yanazitegemea. Filamu haiwarudii watu hao. Anayeisoma sambamba na Levi ataona kwamba ngano hii nzuri imejengwa juu ya ukosefu uleule wa habari uliowaua Waitaliano wa Auschwitz, na kwamba umahiri wa Benigni kama mchekeshaji ndio unaoifunika gharama hiyo.

Kiswahili cha Rongai

Filamu nyingi zilizotajwa zinahusu waliokamatwa. *Nirgendwo in Afrika* (2001) ya Caroline Link, iliyotokana na riwaya ya Stefanie Zweig, inahusu familia ya Kiyahudi ya Kijerumani iliyonusurika kwa kukimbilia Kenya mwaka 1938. Maangamizi yanatokea nje ya picha. Yanafika Rongai kwa barua na kwa ukimya wa barua. Kwa msomaji wa Kiswahili filamu hii ina umuhimu wa pekee, kwa kuwa mtazamaji wa Berlin anayasoma chini ya picha maneno ambayo mtazamaji wa Nakuru anayasikia.

Walter Redlich, wakili aliyegeuka msimamizi wa shamba, hana matumizi tena ya ufasaha wake wa kisheria. Jettel, mkewe, anakipinga Kiswahili mwanzoni, naye binti yao Regina anakidaka upesi kutoka kwa Owuor, mpishi anayeigizwa na Mkenya Sidede Onyulo. Mpangilio wa familia ya Frank unajirudia hapa: mtoto anaipokea lugha ya wenyeji, mzazi anachelewa. Kinaya cha kihistoria nacho hakikosekani. Vita vinapoanza, Waingereza wanawafungia Wayahudi hawa kama raia wa nchi adui, kwa vile katika daftari za serikali ya kikoloni aliyefukuzwa na Hitler bado alihesabiwa kuwa Mjerumani.

Onyulo anaigiza kwa utulivu na ucheshi wa chini kwa chini, na bila yeye filamu ingekosa mhimili. Hata hivyo, Kiswahili cha Owuor ni lugha ya kukutania na bwana. Jina lake linaashiria Mjaluo, lakini lugha ya mama haipewi nafasi ya maana, na maisha yake mwenyewe yanajulikana kidogo. Filamu iliyojaliwa sikio la kusikia upweke wa mkimbizi haikusikiliza kwa kiasi kilekile upweke wa mtumishi aliyekuwa mbali na kwao.

Kusikia bila kuelewa, 2015–2023

László Nemes, katika *Saul fia* (2015), alizirudisha lugha zote kambini kwa pamoja. Saul ni Myahudi wa Hungari katika Sonderkommando, na jina lake la ukoo, Ausländer, lina maana ya mgeni kwa Kijerumani. Kihungari, Kiyidishi, Kijerumani na Kipolandi vinagongana masikioni mwake. Kamera haiondoki karibu na uso na mabega yake. Yaliyo mbali yana ukungu, hivyo sauti ndiyo inayobeba maangamizi. Géza Röhrig, mshairi aliyepewa nafasi hiyo, anaigiza kwa macho na kwa mwendo, akisema machache. Mazungumzo mengine yanatafsiriwa kwa maandishi, mengine yanapita. Mtazamaji anakamata nusu ya amri na robo ya minong'ono, na kwa mara ya kwanza katika filamu ya kubuni anahisi katika sikio lake kile alichokieleza Levi.

*The Zone of Interest* (2023) ya Mwingereza Jonathan Glazer inaligeuza pambo hilo ndani nje. Kamanda Rudolf Höss na mkewe Hedwig, wanaoigizwa na Christian Friedel na Sandra Hüller, wanasema Kijerumani cha nyumbani: maua, shule ya watoto, uhamisho wa kikazi. Waigizaji walirekodiwa na kamera zilizofichwa nyumbani humo, wakaigiza bila msisitizo wowote. Ng'ambo ya ukuta zinasikika sauti za risasi, mitambo na mayowe ambayo hayageuki kuwa maneno. Katika filamu ya Spielberg Kijerumani kilikuwa kelele ya nyuma. Hapa Kijerumani ndicho lugha pekee inayoeleweka kwa ukamilifu, na waathiriwa wamefanywa kelele, kama walivyokuwa masikioni mwa familia ile. Wimbo wa Kiyidishi uliotungwa kambini na Joseph Wulf unapita kwa muda mfupi, nao unatosha kumkumbusha mtazamaji kwamba nyuma ya mayowe kulikuwa na lugha.

Hitimisho

Historia hii haiendi kwa mstari ulionyooka kutoka uongo hadi ukweli. *Ostatni etap* ya 1948 inaelewa zaidi kuhusu ukalimani kuliko filamu nyingi zilizotengenezwa miaka sitini baadaye. *Conspiracy* imesema kweli kwa Kiingereza, na *La vita è bella* imepotosha katika lugha yake yenyewe. Filamu zilizofaulu ni zile zilizomfanya mtazamaji alipe kitu ili aelewe, iwe ni subira ya *Shoah*, kovu la ulimi wa Sophie au masikio ya Saul yaliyozibwa na makelele.

Suala hili lina uzito zaidi sasa, wakati walionusurika wanazidi kupungua na filamu zinarithi kazi ya kutoa ushahidi. Kizazi kitakachoyajua maangamizi kwa Kiingereza chenye lafudhi peke yake kitaamini kwamba waathiriwa waliweza kuuliza na kujibiwa. Uchunguzi wa namna hii unafaa kuendelezwa karibu na Afrika ya Mashariki. *Hotel Rwanda* (2004), kwa mfano, iliwapa Kiingereza wahusika ambao lugha yao ilikuwa Kinyarwanda, ilhali wito wa kuua mwaka 1994 ulirushwa redioni kwa Kinyarwanda hichohicho. Watafiti wa Kiswahili, lugha ambayo yenyewe imekuwa mkalimani baina ya watu wengi, wana nafasi nzuri ya kuuliza ni nini kilipotea katika uteuzi huo na ni nani aliyenufaika nao.